Mkwe wa Kiti cha Kulia

Siku niliyostaafu, vijana wa mnarani walinizawadia saa ya ukutani. Nimeitundika jikoni kwangu hapa Ipyana na inachelewa. Sikushangaa, maana walioichagua nawajua. Pamoja na saa waliniomba niwaandikie kazi ilikuwaje. Vyeo sitavitaja. Viko ukutani sebuleni, na mgeni akija atavisoma mwenyewe wakati namtafutia kiti. Nitaandika yale ambayo chuoni hamfundishwi, hasa kuhusu marubani wanapokaribia kutua, kwa sababu hapo ndipo rubani hodari hurudi kuwa binadamu, na binadamu ndiye mwenye matatizo.

Kwa asiyenijua, nilikuwa mwongoza ndege. Rubani huendesha ndege moja. Mimi niliziendesha zote, nikiwa nimekaa. Nilizaliwa hapahapa, katikati ya majaruba ya mpunga, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuamia: kukaa shambani toka alfajiri nikiwapigia kelele ndege wasimalize mpunga wa mama. Sikuwa na mjomba wizarani. Baba hakuwa mchungaji wala mwenyekiti wa chochote. Nilisoma kwa chemli, nikapata stashahada ya uongozaji wa ndege, nayo iko kwenye fremu yenye kioo. Baada yangu walikuja wenye shahada mbilimbili, na wakaniuliza upepo unatoka upande gani huku wamesimama dirishani wanaitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea.

Mnara wangu wa kwanza ulikuwa Dar es Salaam. Nilifika nimevaa suti niliyoazima, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi, nikakabidhiwa kwa Bi Mwanaidi, mama wa Kitanga mwenye hijabu nyeupe na sauti ambayo marubani wa mataifa yote waliiogopa. Vifaa vyenyewe vilikuwa vichache. Redio mbili, moja nzima. Darubini ambayo mkanda wake ulikuwa umefungwa kwa uzi wa viatu. Taa kubwa ya ishara, ya kumwonyesha rubani rangi kama redio zimekufa. Na vipande vya karatasi, kila ndege na kipande chake, tunavipanga mezani kimoja juu ya kingine kama karata. Leo mna vioo vinavyowaka rangi, nawapongeza. Umeme ukikatika mnaanza kutafuta karatasi, nawaona.

Bi Mwanaidi hakunifundisha kusema. Alinifundisha kusikiliza. "Mwanangu," aliniambia, "maneno ya rubani ni ya kitabuni, wote husema yaleyale. Wewe sikiliza kimya kilicho kabla ya neno. Aliyelala vizuri hujibu hapohapo. Aliyechoka naye hujibu sawa, lakini kwanza hupapasa, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mbele ya mlango wa nyumba yake."

Mchana mmoja kapteni mmoja alikuwa anakuja kutua, njia nyeupe, hewa tulivu. Bi Mwanaidi akamwamuru azunguke kwanza, aje tena. Nikamuuliza kwa nini, wakati hakuna kitu njiani.

"Nataka aamke," akasema.

Kapteni aliposhuka alipanda ngazi zetu kwa hasira, mistari ya dhahabu mabegani inang'aa. "Nani kanizungusha?"

"Mimi, baba. Karibu maji."

"Sitaki maji! Nataka sababu."

"Nimekupa upepo wa sasa, ukanirudishia upepo niliokupa jana. Jana ulikuwa kweli. Lakini ndege unaitua leo."

Kapteni akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri. Kisha akaomba yale maji.

Toka siku ile nilianza kuwasikiliza, na nikakusanya aina zao. Yupo anayesema hachoki, akijivunia jambo ambalo hata punda halijivunii. Yupo anayezungumza mpira na mwenzake mpaka magurudumu yaguse lami, kisha anauliza kwa mshangao mbona tumetua kwa kishindo. Na yupo mfanyabiashara. Huyu ndiye hatari kuliko wote. Sheria ya mapumziko ya marubani huhesabu saa ulizokaa chini. Haihesabu ulichokuwa unafanya huko chini. Kampuni humpa mtu siku zake za kupumzika, naye anakwenda kusimamia ujenzi, kupakia matofali, kugombana na mafundi na kuhudhuria vikao vya harusi vitatu, halafu anarudi kazini kupumzika.

Ipo na sheria nyingine, nayo nitaieleza kwa sababu kisa chote kiko juu yake. Ndege ikishuka chini ya futi elfu kumi, marubani hawaruhusiwi kuzungumza jambo lolote lisilo la ndege. Hakuna habari za watoto, hakuna mpira, hakuna "unakumbuka ile siku." Ni kazi tupu mpaka ndege isimame. Ni sheria nyepesi kuliko zote kuielewa, na kwa Mnyakyusa ni ngumu kuliko zote kuitii.

Miaka ikaenda, nikahamishiwa nyanda za juu, kwenye uwanja ulio karibu na kwetu. Nilirudi nikiwa mtu. Ndipo nilipomfahamu Kapteni Mwalugelo wa Makwale, fundi wa kurusha ndege, mkulima wa kakao, na bingwa wa kuongea kati ya mito yote inayoingia ziwani. Kila alipotua alipanda mnarani kunisalimia. Aliniita Mnara, kana kwamba mimi ndiye jengo. Sikukataa.

Siku hizo waongoza ndege tuliruhusiwa, kwa kibali, kusafiri kwenye kiti cha ziada nyuma ya marubani, tuone kazi yao ilivyo. Masharti ni mawili: funga mkanda, funga mdomo, isipokuwa umeona hatari. Asubuhi moja nikapata nafasi hiyo kutoka Dar kurudi kwenye uwanja wangu. Kwenye kiti cha kushoto alikaa Mwalugelo. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi.

"Ugonile, Mnara!" akanisalimia kwa kwetu, yaani umelalaje.

"Ndaga, Kapteni. Wewe ndiye hukulala, naona."

"Aa, mapumziko hayo, nkamu," akasema, akiniita ndugu. "Kakao ya kuvundika, kakao ya kuanika, mvua inakuja tunaanua, jua linatoka tunaanika. Juzi msiba Katumba Songwe, jana mnada. Lakini mimi sichoki, unanijua."

Nilimjua. Nikavuta mkanda wangu mpaka mwisho.

Kiti cha kulia alikaa rubani msaidizi, binti mwembamba mwenye miwani, ndiyo kwanza anahamia kampuni ile kutoka kampuni nyingine. Jina lake Atupele. Tuliporuka nilimwona kazini na nikaridhika, nami siridhiki ovyo. Orodha ya ukaguzi, ile ambayo mmoja anauliza na mwingine anajibu, aliisoma kwa sauti kavu, hakuruka neno. Akiuliza, anangoja jibu. Asipojibiwa, anauliza tena. Nikasema moyoni, Bi Mwanaidi angempenda huyu.

Tulipokaa sawa juu ya mawingu, Mwalugelo akaanza kufanya kile ambacho kila Mnyakyusa hufanya akikaa karibu na Mnyakyusa mwenzake mahali popote duniani, hospitali, benki au mbinguni.

"Binti, kwenu wapi?"

"Ipyana, Kapteni."

"Oo, kwa Mnara! Umeolewa?"

"Nimeolewa, Kapteni. Makwale."

"Makwale! Makwale kwa nani?"

"Mume wangu anaitwa Lusajo. Baba yake alikuwa mzee Ambakisye, yule aliyekuwa na mashine ya kukoboa mpunga."

Mwalugelo aliachia kicheko kilichofika mpaka kwa abiria. "Ambakisye ni mdogo wangu wa tumbo moja! Lusajo ni mwanangu! Harusi yenu ilikuwa Dar, mimi nilikuwa kazini, sikuja. Kumbe wewe ni mkamwana wangu! Mnara, umesikia? Nimekaa na mkwe wangu!"

Nilisikia. Nikamwona na Atupele alivyosikia. Alishusha kofia ya sare mpaka kwenye nyusi, akageuzia uso wake dirisha la kulia, na hapo ulipoelekea ukabaki.

Msomaji asiye wa kwetu lazima aelezwe. Kwa mila yetu ya zamani, mke wa mwanao hakutazami, halitamki jina lako, hasemi nawe. Akikuona njiani anaingia migombani mpaka upite. Na mke wa mtoto wa ndugu yako ni mke wa mwanao, huko hatugawanyi. Siku hizi mijini mkwe na mkamwana wanakaa kochi moja kutazama tamthilia. Lakini Atupele alilelewa na bibi yake Ipyana, na bibi huyo nilimfahamu. Aliwahi kusimama ndani ya mfereji wa mpunga, maji yamemfika kiunoni, akingoja baba mkwe wake amalize kuongea na jirani juu ya daraja. Chuo cha urubani kilimfundisha Atupele mambo mengi, ila kilipofika kilikuta bibi ameshapita.

Na Mwalugelo hakutambua kitu. Mtu anayependa kusema hagundui kimya. Hukiona kama nafasi. Alifurahi, na furaha ikamfungulia bomba. Akasimulia kakao. Akasimulia marehemu Ambakisye alivyotumbukia na baiskeli kwenye dimbwi la mpunga ulioloweshwa. Kila baada ya habari mbili alipiga mwayo mrefu, akasahau alipofikia, akaanza katikati ya nyingine.

Tukaanza kushuka. Redioni Atupele aliongea vizuri kabisa na mnara, kwa sababu mnara haukuwa baba mkwe wake. Alichoambiwa na mnara alikiandika na kukisogeza mbele ya kapteni kwa kidole kimoja, uso dirishani, na kapteni alikitazama jinsi mtu anavyotazama tangazo la barabarani.

Tukapita futi elfu kumi. Hapo sheria ya ukimya ikaanza kazi, na chumbani mle ikafuatwa kinyume chake: aliyetakiwa kunyamaza alikuwa anaongea, aliyetakiwa kuongea amenyamaza. Orodha ya kutua ilikuwa imelala mapajani mwa Atupele. Orodha ni mazungumzo, vijana wangu. Ni swali na jibu. Na mkamwana hamwulizi baba mkwe maswali.

Mawingu yakapasuka upande wa kusini, na mbali chini, nyuma ya milima, ziwa likaonekana, limelala kama bati jipya.

"Mnara! Ona ziwa letu lile! Pale ni Matema, pale... pale ni..." Akapiga mwayo. Mkono ukabaki umenyooshwa. Kwa kitambo macho yake yalikuwa wazi na hakuna aliyekuwemo ndani.

Nilitazama mbele. Njia ya kutua ilikuwa imeshatokea, na tulikuwa juu mno na tunakimbia mno. Kisha nikatazama pale ambapo taa tatu za kijani hutakiwa kuwaka magurudumu yakishuka. Hazikuwaka. Rubani anayeendesha ndiye huagiza magurudumu, mwenzake huyateremsha. Mwalugelo hakuagiza, na nadhani kichwani mwake alikuwa ameshaagiza, katikati ya dimbwi na baiskeli. Mkono wa Atupele ulikuwa umeshika mpini wa magurudumu. Midomo yake ilikuwa inacheza, inasema na dirisha.

Nyuma yetu kulikuwa na ndege nzima ya watu: akina mama na vikapu vyao, mwalimu mmoja aliyekuwa anakwenda kwenye harusi yake, kichanga kilicholia toka Dar. Nilifungua mdomo, kama masharti yalivyoniruhusu. Atupele akaniwahi. Aligeuka, akanitazama mimi, si yule aliyekuwa anaendesha ndege.

"Baba Mnara! Mwambie baba magurudumu hayajashuka! Mwambie tunakimbia, tuzunguke!"

Ndivyo inavyofanyika kwetu. Mkamwana akiwa na neno, hulipitisha kwa mtu. Nyumbani hupitishwa kwa mtoto, na mtoto hulipeleka polepole akichezea jiwe njiani.

"Kapteni," nikasema, "magurudumu! Anasema tuzunguke!"

"Nani anasema?"

"Mkweo!"

"Mkwe? Anasema nini mkwe wangu?" Akatabasamu. Ndiyo, alitabasamu, akataka kugeuka amtazame.

Hapo mashine ya ndege ikaanza kupiga kelele yenyewe, ile sauti ya Kizungu isiyo na adabu, ikimkemea kapteni mbele ya mgeni kuhusu magurudumu yake. Mashine haina ukwe. Nadhani Atupele aliposikia chuma kinamwambia baba mkwe ukweli usoni, aliona aibu kuzidiwa na chuma. Aligeuka mzimamzima, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mwalugelo kwenye mipini ya nguvu za injini, akaisukuma yote mbele.

"Tunazunguka! Baba, toa mkono!"

Akautoa. Ndege ikanguruma, pua ikainuka, njia ya kutua ikapita chini yetu na soksi ya upepo na paa la mnara wangu mwenyewe, ambalo sikujua kama lilikuwa chafu kiasi kile.

Tukapanda. Mwalugelo alikuwa macho sasa, macho kama mtu aliyemwagiwa maji. Akasema taratibu, "Soma orodha, mwanangu." Atupele akageuza uso dirishani tena, akaisoma yote kwa sauti kavu ileile, na kwa kila neno baba mkwe akajibu, kama mchungaji na waumini. "Magurudumu?" "Yameshuka, taa tatu za kijani." Tukatua kama unyoya.

Mlangoni mama mmoja wa Kyela alimshika Mwalugelo mkono kumshukuru. "Ndaga fijo, Kapteni! Umetuzungusha tumeliona ziwa vizuri. Wenzako huwa wanatua tu."

Kampuni, ilipopata habari, ilitenda kama kampuni. Ilileta mtaalamu kutoka mbali aje kuwafundisha marubani namna ya kuambiana ukweli. Alifundisha baada ya chakula cha mchana, kwa sauti ya kubembeleza, na Mwalugelo alilala toka mwanzo hadi mwisho. Kisha ikaamuliwa kwamba wakwe wasipangwe pamoja. Mpanga zamu wao, Msukuma mpole, alinipigia simu baada ya wiki: "Mzee, nisaidie. Hawa watu wa kwenu kila nikiwagusa ni wakwe. Nani nimpange na nani?" Nikamwambia ampange Msukuma na Msukuma, akakata simu.

Hakuna aliyemwuliza Atupele. Mimi nilimwuliza, kwa sababu alikuja kukaa kwenye ngazi za mnara wangu akiwa amekunja kofia mapajani.

"Bibi anasema nimemwaibisha baba mkwe. Nimemkemea. Nimemgusa mkono. Anasema nipeleke kuku Makwale nikaombe radhi."

"Na wewe unasemaje?"

"Nikiomba radhi, baba, maana yake siku nyingine ninyamaze. Na nikinyamaza siku nyingine, kuku wa matanga watakuwa wengi."

Alikuwa ameamua: kama ukoo utasema alikosa, ataacha kuruka. Hawezi kukaa kwenye kiti kile akiwa na mdomo wa kuazima. Aliyapata mabawa yale kwa kuuza ng'ombe wa bibi huyohuyo. Nikaona hapa panahitajika mtu mwenye stashahada, nikasafiri naye.

Ukoo ulikaa Makwale, kwenye ua wa Mwalugelo, kakao imeanikwa kila mahali, tunakanyaga kwa tahadhari. Atupele alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, anasikika lakini haonekani. Wanaume wakaongea sana. Mmoja alisema mila ni mila. Mwingine alisema ni kweli mila ni mila, akakaa. Mwalugelo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa kimya. Aliyeuliza la maana ni dada yake mkubwa, Shangazi Tupokigwe, ambaye muda wote alikuwa anapepeta mchele na tulidhani hasikilizi.

"Gwe Mwalugelo. Ulikuwa umelala?"

"Sikulala, dada. Nilikuwa nimechoka kidogo."

"Husemi huwa huchoki?"

Watu wakacheka. Mwalugelo akakwaruza ardhi kwa kidole cha mguu.

"Humo ndani mlikuwa watatu. Nyuma yenu kulikuwa na watu?"

"Walijaa, dada."

"Nao wana wakwe zao?"

"Watakuwa nao."

"Basi wangefikaje nyumbani kuwaogopa, kama mkamwana wako angekuogopa wewe?" Akapuliza makapi. "Huyo kuku aliyeletwa ni mnono. Mchinjeni, na baba mkwe ndiye atanyonyoa."

Ikakubaliwa: akivaa sare, Atupele atasema. Akiivua, mila inarudi. Mwalugelo alinyonyoa kuku vibaya sana, mbele ya ukoo mzima, na Atupele akarudi kazini. Leo anakaa kiti cha kushoto. Nimemsikia redioni mara nyingi kabla sijastaafu, na hakuna aliyepapasa ufunguo kidogo kama yeye.

Mngependa niishie hapo. Lakini mwezi jana tulikwenda kuzika Tukuyu, na jioni jua likiwa bado juu tukarudi kwa pikapu ya Mwalugelo, naye pia ameshastaafu na sasa anaanika kakao bila kusumbuliwa na ndege. Mimi nilikaa mbele. Atupele alikuwa likizo. Alikaa kiti cha nyuma, kanga kichwani, na katikati yake na baba mkwe wake alikuwa amejenga ukuta wa masufuria ya msiba. Hakusema neno toka makaburini. Hakuwa na sare.

Mnaijua barabara ile inavyoteremka kutoka Tukuyu kuja Kyela, kona juu ya kona, migomba huku na bonde huku. Tulikuwa tumekesha. Simu ya Mwalugelo ikalia, mnunuzi wa kakao. Akaipokea, mkono mmoja kwenye usukani, akaanza kubishana kama imekauka au haijakauka. Katikati ya ubishi akapiga mwayo. Ule mwayo niliufahamu. Gari likasogea kuelekea bonde bila haraka, kana kwamba limekumbuka jambo huko.

Nyuma, sufuria moja likasogezwa.

"Simu?" Ilikuwa ile sauti kavu. Haikupita kwangu. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kisogo cha baba mkwe.

Mwalugelo alishtuka, akarudisha gari barabarani. Nilimwona akitazama kioo cha juu, kisha akaacha kukitazama haraka, kwa heshima.

"Simu?" Akauliza tena. Asipojibiwa huuliza tena.

"Imezimwa," akasema Mwalugelo, akaiweka.

"Kasi?"

"Inapungua."

"Macho?"

"Mbele, mwanangu."

"Mikanda?"

Mwalugelo akavuta wake, akaufunga. Mimi wangu nilikuwa nimeufunga toka Tukuyu. Mtu mwenye stashahada hangoji kusomewa.